Nani aliipoza dunia? Kisa cha Himalaya na matope yake

Kisiwa cha Ellesmere kiko kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo jua hupotea kwa miezi kadhaa kila mwaka. Leo ni theluji, upepo na mawe matupu. Lakini ndani ya mawe hayo wataalamu wamechimbua mifupa ya jamaa za mamba, kasa na tapiri, wanyama wa kinamasi chenye joto, walioishi pale miaka takriban milioni 50 iliyopita. Mamba na barafu havikai nyumba moja. Wakati ule hapakuwa na barafu kubwa ya kudumu, si Aktiki wala Antaktika. Halafu dunia ikaanza kupoa. Haikupoa kwa mwendo mmoja. Ilipoa ikituama, ikaporomoka, ikapata joto tena kidogo, ikashuka zaidi. Miaka milioni 34 iliyopita barafu ilitanda Antaktika. Miaka kama milioni 2.7 iliyopita ikatanda kwa wingi na kaskazini.

Kisa chenyewe ndicho hicho: nini kiliitoa dunia kwenye mamba wa Ellesmere kikaileta kwenye barafu? Mshukiwa anayetajwa kila mahali ni milima ya Himalaya. Simulizi inakwenda hivi: bara Hindi liligonga Asia, milima ikainuka, mvua ikaanza kuosha mawe mapya, mawe yakanywa hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayoizuia dunia isipoteze joto), na dunia ikapungukiwa na blanketi lake. Ni simulizi tamu, na inaelezeka kwa dakika mbili mbele ya darasa. Ubovu wake unaonekana ukikaa chini na karatasi na kalamu.

Ushahidi uliolala Kilwa

Kabla ya kumsaka mwizi, hakikisha kwanza kuna kitu kimeibwa. Je, hewa ukaa ilipungua kweli? Katika swali hili baadhi ya ushahidi ulio bora duniani umetoka pwani ya kusini ya Tanzania, na nashangaa jinsi jambo hili lisivyozungumzwa nyumbani.

Maeneo ya Kilwa na Lindi yana matabaka mazito ya udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, mashapo ya bahari ya zamani ambayo wanajiolojia wameyapa rasmi jina la Kilwa. Ndani yake mmejaa foraminifera, viumbe wa baharini wa chembe moja tu, wenye magamba madogo kama punje ya mchanga. Kwingine magamba ya umri huo yamechujwa na maji ya ardhini kwa mamilioni ya miaka mpaka yamebadilika na kuwa meupe kama chaki, na kemia yake imevurugika. Udongo wa Kilwa haupitishi maji. Magamba yamebaki maangavu kama kioo, kana kwamba mwenyewe alikufa juzi. Kuanzia mwaka 2002 kundi la watafiti wakiwemo Paul Pearson wa Uingereza na wenzao wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania walichoronga mashimo kadhaa katika ukanda huo.

Mwaka 2009 Pearson na wenzake wawili walichapisha kipimo cha hewa ukaa ya wakati barafu ya Antaktika ilipoanza, kutokana na boroni iliyonaswa ndani ya magamba hayo. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: hewa ukaa ikizidi angani, bahari huwa na asidi zaidi, na uwiano wa aina mbili za boroni ndani ya gamba hufuata asidi hiyo. Walipata kwamba barafu ilijijenga hewa ukaa ilipokuwa karibu sehemu 750 katika kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280, kwa hiyo 750 bado ni nyingi kwa mizani yetu, lakini ni pungufu ya zama za mamba wa Ellesmere, ambapo vipimo vingi vinazidi 1,000. Zaidi ya hapo, hesabu za kompyuta zilizotangulia mwaka 2003 zilikuwa zimebashiri kizingiti cha barafu ya Antaktika karibu na kiwango hichohicho.

Basi kitu kimeibwa. Hewa ukaa ilishuka kutoka zaidi ya 1,000 hadi mia mbili na ushee katika zama za barafu. Ilikwenda wapi?

Jinsi jiwe linavyoliwa

Aliyejenga pwani anajua chuma na bati huliwa na chumvi. Mawe nayo huliwa, ila kwa subira zaidi. Mvua ikishuka hunasa hewa ukaa kidogo na kuwa asidi dhaifu, ileile inayochoma ulimi ukinywa soda. Ikizama ardhini huongezewa nguvu na pumzi za mizizi na vijidudu. Asidi hii ikikutana na mwamba wa silikati, yaani miamba mingi tunayoijua, kuanzia matale ya Mwanza hadi mawe meusi ya volkano, huufungua polepole. Kalsiamu na magnesiamu hutoka zikayeyuka ndani ya maji; hewa ukaa iliyofanya kazi hiyo hugeuka bikaboneti; vyote husafiri na mto hadi baharini. Huko konokono, matumbawe na foraminifera huvichukua na kujengea magamba na mifupa yao. Wakifa, magamba huzama na hatimaye kuwa mawe ya chokaa. Hewa iliyokuwa angani sasa ni jiwe. Kinachobaki nyuma juu ya nchi kavu ni udongo. Ule mwekundu mzito wa migombani kule Kilimanjaro na Rungwe ni masalia ya mwamba wa volkano ulioliwa hivyo.

Mfaransa Jacques-Joseph Ébelmen aliiandika kemia hii mwaka 1845, ikasahaulika, na Harold Urey wa Marekani akaifufua mwaka 1952 bila kuhitaji zaidi ya mstari mmoja wa mlinganyo.

Hapa pana mtego mmoja ambao simulizi ya dakika mbili huuruka. Mwamba wa chokaa nao huliwa na mvua, tena kwa haraka kuliko silikati. Ndiyo sababu mawe ya chokaa yana mapango. Lakini kalsiamu yake ikifika baharini na kurudi kuwa gamba, hewa ukaa yote iliyotumika huachiwa tena. Chokaa hukopa na kurudisha. Silikati peke yake ndiyo huchukua moja kwa moja, na hata yenyewe huweka nusu tu ya ilichobeba, kwa sababu nusu nyingine hutoka gamba linapojengwa. Kwa hiyo ukiambiwa mto fulani umebeba madini mengi yaliyoyeyuka, uliza kwanza: yametoka kwenye mwamba gani? Swali hilo litarudi, maana kilele cha Everest chenyewe, mita 8,849 juu ya bahari, ni chokaa ya sakafu ya bahari ya kale.

Na mmomonyoko unaingilia wapi? Kulika ni kazi ya kemia, mmomonyoko ni kazi ya nguvu: maporomoko, mafuriko, barafu inayokwangua. Kimoja bila kingine huchoka. Nchi tambarare yenye joto na mvua, kama sehemu kubwa za bonde la Kongo, ingeonekana kuwa ndiyo mahali pa miamba kuliwa sana. Sivyo. Udongo mkongwe umejilaza juu ya mwamba kama godoro, mita kwa mita, umekwisha kuliwa kila kinacholika, na maji hayamfikii tena mwamba mbichi aliye chini. Mmomonyoko huondoa godoro. Kwenye mlima mkali mwamba hupasuka, hukatika vipande, hufunuliwa upya kila msimu wa mvua, na asidi hupata nyama mpya ya kutafuna. Katika bonde la Amazon sehemu kubwa ya madini yaliyoyeyuka mtoni hutoka milima ya Andes iliyo pembeni, wala si kwenye msitu mpana uliojaa katikati.

Shtaka

Wazo kwamba kuinuka kwa milima hupoza dunia kwa njia hii lilitolewa na Mmarekani T. C. Chamberlin mwaka 1899. Lililala karibu karne nzima. Mwaka 1988 Maureen Raymo, akiwa pamoja na William Ruddiman na Philip Froelich, alilirudisha, na mwaka 1992 Raymo na Ruddiman wakalipeleka mbele kwa makala iliyosomwa na kila mtu katika fani hiyo. Mshtakiwa wao: Himalaya na uwanda wa Tibet.

Ukiangalia mazingira ya tukio, huwezi kuwalaumu kwa kumshuku. Bara Hindi lilikuwa likikimbia kuelekea kaskazini kwa kasi ya zaidi ya sentimita 15 kwa mwaka, kasi kubwa mno kwa bamba la ganda la dunia, kisha kati ya miaka milioni 55 na 50 iliyopita likaanza kuibana Asia. Joto la dunia lilifika kilele chake katika kipindi hichohicho, na kutoka hapo likaanza kushuka. Tarehe zinakaribiana sana.

Kisha kuna mvua. Upepo wa kusi tunaoujua sisi, ule uliorudisha majahazi kutoka pwani yetu kwenda Arabuni na Bara Hindi, ukivuka ikweta hupinda kulia, hukaza mwendo mbele ya pwani ya Somalia, hukusanya unyevu wa Bahari ya Arabia na kufika India ukiwa monsuni. Pale mbele kuna ukuta wa kilomita nane. Upepo hulazimika kupanda na kutua mzigo wake wote. Huwezi kubuni mashine bora zaidi ya kuponda milima: mwinuko mkali, mwamba uliopasukapasuka kwa mgongano, na mafuriko kila mwaka. Mito ya Ganges na Brahmaputra kwa pamoja hushusha takriban tani bilioni moja za mashapo kwa mwaka. Mashapo hayo yamejenga chini ya Ghuba ya Bengali na kuendelea kusini hadi kuvuka ikweta pepeo la matope lenye urefu wa kilomita 3,000, na sehemu za kaskazini mashapo yana unene wa zaidi ya kilomita 15. Ni rundo kubwa kuliko lolote la aina yake duniani. Mlima uliobebwa mtoni uko pale, chini ya maji.

Shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa strontiamu. Madini haya yana isotopu (aina za atomi zinazotofautiana kwa uzito tu) mbili zinazolinganishwa, 87 na 86. Ile ya 87 huzaliwa polepole kutokana na rubidiamu, na kwa kuwa miamba ya kale ya mabara ina rubidiamu nyingi, ina strontiamu 87 nyingi pia. Mawe mapya yatokayo kwenye tumbo la dunia, chini ya bahari, yana kidogo. Uwiano ndani ya maji ya bahari, kama ulivyotunzwa na magamba ya kale, ulipanda kutoka takriban 0.7078 miaka milioni 40 iliyopita hadi 0.7092 leo. Namba zinaonekana ndogo, lakini kwa bahari nzima ni badiliko kubwa. Tafsiri ya haraka: miamba ya mabara inaliwa zaidi na zaidi, na maji ya mito ya Himalaya, yenye uwiano wa juu kupita kawaida, ndiyo yanayotia chumvi hiyo.

Kesi ilionekana imekwisha.

Tangi la maji

Sasa chukua kalamu. Volkano hutoa kaboni takriban tani bilioni 0.1 kwa mwaka, nikihesabu uzito wa kaboni peke yake, bila oksijeni iliyo ndani ya hewa ukaa. Wengine hukadiria zaidi kidogo. Bahari na anga kwa pamoja vina kaboni kama tani bilioni 40,000. Tuseme Himalaya iliongeza kulika kwa silikati kwa robo tu ya kile volkano inachotoa, yaani tani bilioni 0.025 za ziada kila mwaka, na volkano hazikuongeza chochote. Gawanya. Kwa miaka milioni 1.6 kaboni yote ya anga na bahari ingekuwa imekwisha. Mimea yote ingekufa kwa njaa kabla ya hapo. Mshtakiwa anadaiwa kufanya kazi hiyo kwa miaka milioni 50.

Hii ndiyo hoja ambayo Robert Berner na Ken Caldeira waliikazania mwaka 1997: mapato na matumizi ya kaboni hayawezi kupishana hata kwa asilimia chache kwa muda mrefu. Lazima kuwe na kitu kinachosawazisha. Kitu hicho kilikuwa kimeelezwa mwaka 1981 na Walker, Hays na Kasting: hewa ukaa ikizidi, joto na mvua huongezeka, miamba huliwa haraka, hewa ukaa hupungua, ikipungua sana, baridi na ukame hupunguza kasi ya kulika, na volkano hupata nafasi ya kuijaza tena. Dunia imekuwa na maji ya kimiminika kwa miaka bilioni kadhaa, na wengi wanaamini usawazishaji huu una mkono mkubwa ndani yake.

Mimi huielewa vizuri zaidi nikifikiria tangi la maji nyuma ya nyumba. Bomba linatiririsha juu bila kukoma: hizo ni volkano. Chini kuna tundu: huko ni kulika kwa miamba. Maji yakijaa, uzito wake husukuma zaidi, na yanayotoka huongezeka. Yakipungua, yanayotoka hupungua. Baada ya muda kina hutulia mahali ambapo kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Sasa panua tundu. Mara ya kwanza maji hutoka kwa kasi, kina hushuka, msukumo hupungua, na punde kinachotoka kinarudi kuwa sawasawa na kile bomba linachomimina. Ukisimama chini ya tundu na ndoo utaapa hakuna kilichobadilika. Ukichungulia ndani ya tangi utaona maji yamefika nusu.

Ndoo na kina ni vitu viwili. Himalaya ilishtakiwa kwa ndoo: kwamba ilifanya miamba ya dunia iliwe kwa wingi zaidi. Kama ina hatia, basi hatia yake ni kupanua tundu, yaani kuifanya nchi kavu ilike kwa wepesi, kiasi kwamba kazi ileile ya kumeza pumzi za volkano ikawezekana kwa joto dogo na hewa ukaa kidogo. Lee Kump na Michael Arthur walilisema hili mwaka 1997. Kwa maoni yangu ndilo jambo muhimu kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo linaloachwa nje kila simulizi inapofupishwa.

Mashahidi wageuka

Ukiisha kuielewa ndoo, ushahidi wa strontiamu unaanza kulegea. Watafiti walipopanda juu kwenye vijito vya Himalaya waligundua kwamba sehemu nzuri ya strontiamu ile ya ajabu inatoka kwenye mawe ya chokaa yaliyopikwa na mgandamizo wa mgongano hadi yakanyonya strontiamu 87 ya majirani zao wa silikati. Chokaa, yule mkopaji anayerudisha. Bahari ilibadilika rangi, kwa namna ya kusema, bila kwamba hewa ukaa imepungua kwa kiasi hichohicho. Strontiamu ilitueleza ni mwamba gani unaliwa. Sisi tukamsikia anasema ni kiasi gani.

Shahidi wa pili alikuja mwaka 2010 na alikuwa mkali zaidi. Beriliamu 10 hutengenezwa angani na mionzi kutoka anga za juu na kunyesha na mvua kwa kiwango kisichobadilika sana; beriliamu 9 hutoka kwenye mawe yanayoliwa. Kama mawe yangeliwa zaidi, ya 9 ingezidi baharini na uwiano ungeyumba. Jane Willenbring na Friedhelm von Blanckenburg waliupima katika kumbukumbu za sakafu ya bahari zinazofika nyuma miaka milioni 12. Mstari ulikuwa karibu umelala. Ndoo, miaka yote hiyo ambayo dunia ilikuwa ikipoa, ilijaa kwa kasi ileile.

Wapo walioisoma ripoti hiyo kama hukumu ya kuachiwa huru. Haraka mno. Mwaka 2019 Jeremy Caves Rugenstein, Daniel Ibarra na von Blanckenburg huyohuyo walionyesha kwamba ndoo tulivu na tangi linaloshuka vinapatana kabisa, mradi uso wa nchi uwe umezidi kuwa mwepesi kulika katika miaka milioni 16 hivi iliyopita. Hoja ya tangi, sasa ikiwa na namba.

Matope yana hesabu zake

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi, kwa sababu mlima unafanya kazi tatu au nne kwa wakati mmoja na hazivutani upande mmoja.

Matope yale ya tani bilioni hayashuki peke yake. Yanabeba majani, mizizi, udongo mweusi wa msituni, vitu vyote vilivyojengwa na hewa ukaa. Kwa kawaida vitu hivyo vingeoza na hewa ikarudi. Lakini mto ukishusha matope haraka kiasi kile, majani yanazikwa kabla ya kuoza. Christian France-Lanord na Louis Derry walidai mwaka 1997 kwamba kwa Himalaya maziko haya yamechukua kaboni nyingi kuliko kulika kwa silikati, labda mara mbili hadi tatu. Miaka kumi baadaye Valier Galy na wenzake walipima mashapo kuanzia mitoni hadi kwenye pepeo la Bengali na kukuta kaboni ya viumbe inayopotea njiani ni kidogo mno, na asilimia 70 hadi 85 ya iliyozikwa ni ya viumbe wa karibuni, si ya mawe ya kale. Kwingineko, kama mdomo wa Amazon, sehemu kubwa huungua njiani. Ikiwa ni hivyo, basi tulimshtaki mlima kwa kosa alilolifanya kwa mkono wa kushoto na kusahau alilofanya kwa mkono wa kulia: mmomonyoko mtupu, bila kemia ya silikati, ukifanya kazi ya kaburi.

Upande wa pili wa daftari kuna madeni. Miamba ya mlima ina pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa na kumdanganya mchimbaji mgeni kuwa ni dhahabu. Ikifunuliwa hewani hutoa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ikila chokaa, hewa ukaa hutolewa badala ya kunywewa. Mark Torres na wenzake walilifanyia hesabu jambo hili mwaka 2014. Zaidi ya hapo, mawe mengi ya mashapo yana kaboni ya viumbe wa kale iliyofungiwa ndani yake. Mlima ukiyavunja, kaboni ile hukutana na oksijeni na kuungua polepole bila moshi. Utafiti ulioongozwa na Jesse Zondervan mwaka 2023 uliikadiria kwa dunia nzima kuwa tani milioni 68 za kaboni kwa mwaka, kiasi kinachoshindana na volkano zote. Mlima unaosifiwa kwa kunywa hewa ukaa unaitapika pia, tena kwenye mteremko uleule.

Ukijumlisha, mlima wa mashapo na chokaa kama Himalaya unaweza kuwa mnywaji dhaifu kuliko umbo lake linavyotisha. Sisemi si kitu. Nasema ukubwa wa rundo la matope si kipimo cha baridi.

Washukiwa waliokaa kimya

Mwamba unaolika kuliko wote kwa kawaida ni basalti, mawe meusi ya volkano yenye kalsiamu na magnesiamu tele. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2003 yanasema basalti, inayofunika chini ya asilimia 5 ya nchi kavu, hunywa karibu asilimia 30 ya hewa ukaa yote inayonywewa na silikati. Sasa kumbuka India kabla ya kugonga. Miaka milioni 66 iliyopita ilimwaga basalti ya Deccan, ambayo hata leo inafunika takriban kilomita za mraba 500,000, kisha ikaibeba mgongoni ikiingia ukanda wa ikweta wenye joto na mvua. Dennis Kent na Giovanni Muttoni walitoa hoja mwaka 2008 kwamba safari hiyo yenyewe, na wala si mlima uliokuja baadaye, ilichangia kuanza kwa kupoa. Safari hiyo pia ilikula sakafu ya bahari yenye chokaa iliyokuwa kati ya India na Asia; chokaa hiyo ikizama ndani ya dunia hurudi angani kama hewa ukaa kupitia volkano, na ilipokwisha, bomba la juu likapunguza mtiririko. Tundu likapanuka wakati bomba linafungwa.

Na kwa miaka milioni 15 hivi ya karibuni, angalia visiwa vya Indonesia na Papua. Visiwa vya volkano vikigongana na mabara palepale kwenye ikweta, vikiinuka kutoka baharini, vimejaa mwamba wa aina ya basalti, vinanyeshewa mwaka mzima na mwinuko wake ni mkali kiasi kwamba godoro la udongo halipati muda wa kukomaa. Francis Macdonald na wenzake walipolinganisha historia ya miaka milioni 500, waliona vipindi vya barafu vikienda sambamba na wakati ambapo migongano ya namna hii ilikuwa mirefu zaidi katika tropiki. Kama ningelazimishwa kuweka dau langu juu ya mshukiwa mmoja wa baridi ya miaka milioni 15 iliyopita, ningeliweka hapo, wala si Everest. Kwa kushuka kwa zamani zaidi, kuanzia zama za mamba hadi barafu ya Antaktika, ningeigawa lawama: kupungua kwa pumzi za volkano, basalti ya Deccan, na kwa Himalaya, makaburi ya majani kuliko silikati. Kufunguka kwa mlangobahari kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika wapo wanaokutaja pia. Kunaweza kueleza kwa nini barafu ilianzia pale, lakini hakuelezi boroni ya Kilwa.

Jaribio lililokwisha kufanywa

Swali linalofuata ni je, usawazishaji wa tangi umewahi kuonekana ukifanya kazi, au ni hesabu ya karatasini tu. Umeonekana. Miaka milioni 56 iliyopita, kabla ya kisa chetu kuanza, maelfu ya mabilioni ya tani za kaboni yalimwagika angani na baharini ndani ya muda mfupi wa kijiolojia. Joto la dunia lilipanda nyuzi 5 hadi 6. Bahari ikawa na asidi hata chokaa ya sakafu yake ikayeyuka. Halafu miamba ikaanza kuliwa kwa kasi, mito ikabeba zaidi, chokaa ikarudi kutanda kwenye sakafu, tena kwa wingi kuliko mwanzo, na joto likashuka mpaka pale lilipokuwa.

Tukio hilo nalo limo katika udongo wa Kilwa. Moja ya mashimo yaliyochorongwa lililikata, na mashapo yake yanaonyesha matope ya nchi kavu yakiongezeka ghafla, dalili ya mvua zilizokuja kwa vishindo na kuporomosha udongo wa Afrika Mashariki ya wakati ule. Ni mmomonyoko uleule unaoondoa godoro, ukianza kazi pindi joto lilipopanda.

Kazi hiyo ilichukua miaka kati ya 150,000 na 200,000. Leo volkano zote za dunia hutoa hewa ukaa chini ya tani bilioni moja kwa mwaka, nasi kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi tunatoa takriban tani bilioni 37. Bomba la pili, nene kuliko la kwanza mara nyingi, limeelekezwa ndani ya tangi lilelile, na tundu la chini bado ni lile lile lililochukua miaka milioni 50 kupanuka.